Kidole Chini ya Hina

Jekadafari, Gombe
Jumatatu jioni

Kwa Dada yangu mpenzi Lantana,

Asalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto wote. Je, kikohozi cha mdogo kimeisha? Je, ule ukuta wa nyuma mlioujenga umestahimili mvua? Huku kwetu mvua imeanza kwa fujo, mtaro wa mbele ya nyumba umejaa na vyura wanapiga kelele kama wana kesi mahakamani. Mimi ni mzima. Nakwambia hilo mapema, maana najua utakapoiona bahasha nene namna hii utashika kifua kabla hujaifungua. Mimi mzima, na ndoa yangu nzima. Asiye mzima ni mwingine, nami nitafika huko. Niache kwanza nipumue.

Dada, lazima nianze na raha, ili uelewe nina kitu gani cha kupoteza. Nina furaha ambayo sikujua binadamu huruhusiwa kuwa nayo. Gidado ni mwanamume wa ajabu! Kwa mdomo namwita Mwenye Nyumba, kama adabu inavyotaka, lakini karatasi haina masikio, basi acha niandike nishibe: Gidado, Gidado. Asubuhi nikifagia ua, namsikia kule chumba cha mbele akishona, cherehani inakwenda mbio, halafu inanyamaza, halafu namwona anachungulia mlangoni ati anatafuta mkasi. Mkasi uko shingoni mwake, Dada! Amenishonea foronya yenye herufi zetu mbili zilizokumbatiana, kwa uzi wa kijani, na mteja wa kanzu alipouliza mbona nguo yake haijaisha akaambiwa uzi umeadimika sokoni.

Na anavyokula! Zile alkaki za unga wa ngano alizotuma Mama baada ya harusi, mtungi mzima unaochuruzika asali, amezimaliza karibu peke yake, na kila anapouma moja hufumba macho. Nami kwa kumpenda nikawa namtilia sukari kwenye fura yake ya mtama na maziwa asubuhi na jioni, mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Usiku akiamka kunywa maji, nami naamka, tunakunywa kikombe kimoja, tunacheka. Anaamka mara nyingi. Nilikuwa naona ni mapenzi tu yanatukosesha usingizi.

Sasa sikiliza. Unakumbuka vile viatu vyeusi vyenye ncha alivyovaa wiki nzima ya harusi, ambavyo shangazi alivisifu? Vilimbana. Harusi ilipokwisha, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa chekundu pembeni, pale ukucha unapokutana na nyama. Kona ya ukucha ilikuwa imejikunja na kuanza kuota kuelekea ndani. Kilikuwa kitu kidogo, Dada. Kama wakati ule angeloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akavaa ndala, akauacha ukucha ukue ukavuka nyama yenyewe, nadhani leo nisingekuwa na cha kukuandikia ila foronya.

Lakini alipita Modu. Wewe humjui. Ni mkata kucha, Mbarebari mmoja mrefu, anapita mitaani akigonganisha mikasi yake ili watu watoke na mikono na miguu yao. Na unajua Wabarebari na Wafulani kama Gidado walivyo watani. Wakikutana huwezi kujua kama wanasalimiana au wanataka kuuana. Modu alisimama mlangoni akaanza: eti mtumwa wake Gidado bado hajafa? Eti amesikia mtumwa ameoa, nani kampa mke bila kumwomba ruhusa bwana wake? Gidado akamjibu kwamba mla samaki wakavu ameletwa na harufu ya pilau la harusi, lakini kachelewa, na sasa akae chini amhudumie mwenye mali. Nilikuwa nyuma ya pazia nacheka hadi machozi.

Kisha Modu akauona mguu. Akasema kona hiyo imezama, anaweza kuichimba akaitoa, lakini tatizo ni kwamba Wafulani hulia. Akapaza sauti nisikie: "Bibi harusi! Lete kitambaa umfute bwana wako machozi, leo mchunga ng'ombe anakanyagwa na kidole chake mwenyewe!"

Unafikiri mwanamume Mfulani, ambaye kwao kuonyesha maumivu ni aibu, tena mwenye mke mpya nyuma ya pazia, atafanya nini mbele ya mtani wake? Aliuweka mguu kwenye goti la Modu palepale. Modu akachukua kile kisu chake kidogo, ambacho muda mfupi kabla alikuwa ametumia kwa jirani yetu muuza kuni, akakifuta kwenye kanzu, akachimba. Alichimba kona ya ukucha kwa mviringo, chini kabisa, mpaka damu ikatoka. Gidado alikuwa anatazama dari na kumuuliza bei ya vitunguu Potiskum. Uso haukukunjamana hata kidogo. Modu mwenyewe akakubali, akasema leo mtumwa kamshinda, akakataa hata malipo. Na mimi mjinga nilijaa fahari nyuma ya pazia!

Kwa muda maumivu yalitulia, tukasahau. Baadaye yakarudi na hasira. Mwishowe, hospitalini, daktari alitueleza kwamba ukucha ukikatwa kwa mviringo na kuchimbwa kona, mara nyingi kinabaki kijimwiba ndani ambacho jicho halikioni, na ukucha unapokua, kijimwiba kile kinatembea ndani ya nyama kama sindano. Kidole kikavimba, kikawa kinapwita. Pembeni kukaota nyama laini inayotoka damu kwa kuguswa na shuka tu. Usaha ukaanza.

Nilimwambia twende hospitali. Alicheka. Akasema Idi Kubwa inakuja, nguo za watu zimejaa mpaka kitandani, na hajawahi kusikia Mfulani aliyelazwa kwa ajili ya kidole. Akanikataza nisimwambie mtu yeyote, kwanza kabisa asijue Modu, maana atalitangazia soko zima. Akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu uleule. Nilijua kinapouma sana kwa sababu ndipo alipokuwa anaimba.

Basi nikafanya nilichojua. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akitufunga hina kwenye kidole kikivimba pembeni ya ukucha? Nilisaga majani, nikakifunga kwa kitambaa na nailoni hadi asubuhi. Na kwa kuwa ni kidole cha mume wangu, na mimi ni bibi harusi ambaye bado miguu yangu ina maua, nikaona kwa nini kisipendeze? Nikachanganya ile chumvi tunayokolezea weusi. Nikarudia, na kurudia tena juu yake. Gidado alinitania kwamba sasa tumebadilishana, yeye ndiye bibi harusi, nimtafutie na bangili. Kidole kikawa cheusi tii, kuanzia ncha hadi kwenye fundo, ukucha na nyama yote. Wekundu uliokuwa unanitisha haukuonekana tena. Nilidhani umepona kumbe nimeufunika.

Halafu Ijumaa aliporudi msikitini akakaa kwenye ngazi badala ya kuingia. Mwili ulikuwa wa moto. Nilipofungua kitambaa nilisikia harufu, Dada, ambayo sitaki kuiandika. Na bado akaniambia nimpe dakika apumzike, amalizie kola ya Alhaji mmoja, mteja wake. Nikaishiwa. Majani ya hina yalikuwa yamekwisha, na mti wa hina uko nyumbani kwa mama yake, uchochoro wa pili. Nikajifunga mtandio nikaenda.

Hapa lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, Inna Hurera. Sisi nasi tuna haya kwa mtoto wa kwanza, tumemwona Mama na kaka yetu. Lakini hawa wamezidi. Gidado ndiye kifungua mimba wake, na tangu azaliwe hajawahi kulitaja jina lake. Hamwiti mwanangu. Humwita "yule mtu." Alipoachishwa ziwa alipelekwa Dukku kwa bibi yake, akakulia huko. Hata sasa, tunaishi karibu hivi, Gidado akienda kumsalimu, yeye hugeuza uso kwenye vyungu, anaitikia salamu akiwa ameinamisha kichwa, na nyama aliyomletea haipokei mkononi, huwekwa kizingitini. Nilipoingia kwenye ukoo huu nilidhani hampendi. Nilimwonea huruma mume wangu, nikawa namwongezea sukari.

Nilimkuta Inna anapepeta mtama. Nikamsalimu, nikaomba majani ya hina. Akaniuliza kama kuna harusi nyingine mtaani. Nikasema hapana, ni dawa, kuna kidole. Akauliza kidole cha nani. Nikasema ni cha mtu wa nyumbani kwangu. Akaacha kupepeta. Akauliza, bila kuinua macho, ni cha mkono au cha mguu. Nikasema cha mguu. Akauliza mguu upi.

Dada, sijawahi kuona mtu mzima akiinuka vile. Ungo ulimwagika, kuku wakauvamia, hakuwatazama. Alitoka bila viatu, mtandio unaburuta kwenye matope, nami nyuma yake namwita Inna, Inna, polepole, mvua imefanya utelezi. Wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao. Alifika nyumbani kwetu, mahali ambapo hajawahi kukanyaga mchana tangu tuoane, akasimama katikati ya ua, akaita:

"Gidado!"

Cherehani ikanyamaza. Ndiyo, alikuwa amerudi kwenye cherehani! Akaita tena, "Gidado, toka. Tunakwenda hospitali."

Alitoka ameshika ukuta. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyesikia mti unasema. Hakubisha. Hakuuliza chochote kuhusu Idi wala kola ya Alhaji. Aliweka mkono begani kwangu tukatoka, na Inna akatangulia mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini kila tulipokawia naye alikawia.

Hospitalini tulipokelewa na daktari msichana, Daktari Rifkatu, mtu wa Kaltungo, mchangamfu kwa maneno lakini mikono yake haina mzaha. Alipokifungua kidole, uchangamfu wote ukatoka. Akainama karibu. Akamwita muuguzi, wakatazamana. Akauliza kidole kimekuwa cheusi tangu lini. Nikamsikia akimwambia muuguzi taratibu kwamba kidole kimekufa, amwite daktari mkubwa wa upasuaji, na waangalie kifo kimepanda mpaka wapi.

Nilipiga kelele. Nikasema, "Daktari, usikate! Ni hina! Ni hina yangu!"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Akauliza, hina gani? Nikamwonyesha miguu yangu yenye maua. Nikamweleza yote, chumvi ya weusi na nailoni, nikilia. Akashika kiuno. Akasema, "Mama wee! Umempamba mgonjwa wangu? Sasa mimi nitasomaje kidole kilichopakwa wino?" Muuguzi akageuka kuficha kicheko, lakini daktari hakucheka. Akanieleza kwamba hajui bado. Huenda ni hina tupu, na huenda chini ya hina kuna weusi mwingine. Rangi ndiyo ingemwambia, na rangi nimeichukua mimi.

Dada Lantana, kila nikifumba macho narudi pale. Alikishika kidole kuona kama kina joto. Akatafuta mapigo juu ya mguu kwa vidole viwili. Akachukua sindano. Akamwambia Gidado afumbe macho na aseme akihisi kitu. Akamchoma ncha ya kidole. Gidado kimya. Akamchoma tena. Kimya. Daktari akanitazama, na mimi nikamsogelea, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Nikamwambia, "Daktari, huyu hata ukimkata mguu hatasema. Ni Mfulani."

Kisha nikamshika uso mume wangu, mbele ya watu, mbele ya mama yake, astaghfirullah, nikamwambia kama ananipenda aseme "aa" kama mtoto. Nikamwambia Modu hayupo hapa. Daktari akachoma. Na Gidado, jasho likimtiririka, akasema "Aa." Akachoma pembeni. "Aa! Jamani, hapo ni moto!" Na kwenye ncha pakatokea tone la damu, jekundu, zuri, sijawahi kuona rangi nzuri kama ile kwenye kitambaa chochote. Daktari akapumua, akasema kidole ki hai. Kinaumwa sana, lakini ki hai.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alikuwa bado ana mashaka, maana kidonda kilikuwa kimekwenda mbali kuliko inavyotakiwa kwa kijana mwenye nguvu. Akamuuliza kama hunywa maji mengi. Kama huamka usiku. Kama amepungua. Kwa kila swali mimi ndiye niliyejibu ndiyo, na kila ndiyo ilinichoma mimi sasa. Akauliza kama katika ukoo kuna mwenye kisukari. Gidado akasema hapana, hakuna, baba yake alifariki kwa homa.

Inna alikuwa amekaa mwisho wa benchi, uso umeelekea ukutani, kama mtu aliyetumwa kuuhesabu ukuta ule nyufa zake. Bila kugeuka, akasema, "Saudatu."

Nikaitika.

"Mwambie daktari si homa. Mwambie baba wa yule mtu alikuwa na kisukari. Mwambie kilianzia kidoleni, kidole hichohicho, mguu huohuo. Tulikichimba wenyewe nyumbani, tukapaka dawa, tukaficha. Mwambie walikata kidole, wakakata mguu, halafu wakakosa cha kukata. Yule mtu alikuwa mdogo, yuko Dukku kwa bibi yake, wakamwambia ni homa."

Chumba kizima kilikuwa kimemsikia, na daktari alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, lakini nilirudia neno kwa neno, maana nilitumwa. Gidado alikuwa amekaa kitandani, mdomo wazi. Daktari Rifkatu akamuuliza Inna, kwa upole, kwa nini miaka yote hakumwambia mwanawe mwenyewe. Inna akauambia ukuta, "Ningemwambia kwa mdomo upi? Mdomo wenyewe umemwita leo kwa mara ya kwanza." Halafu akasema jambo ambalo nitalibeba mpaka nizeeke. Akasema uso wa yule mtu haujui vizuri. Lakini miguu yake anaijua, kila kovu, kwa sababu akija kumsalimu huinamisha kichwa, na miguu ndiyo macho yake yalipewa. Tangu arudi kutoka Dukku akiwa kijana, ameikagua kila alipokuja. Ila wiki hizi amekuwa akija na soksi, na yeye akakosa namna ya kuuliza soksi ni za nini.

Gidado akafunika uso kwa mkono. Sikumfuta. Nilimwacha.

Walimtoboa kidole cha mkono, wakaweka damu kwenye kimashine, na daktari alipoona nambari akaipima tena. Ni kisukari, Dada. Nimeliandika, sasa ni kweli. Alkaki zile. Fura ile. Daktari anasema si mimi niliyekileta, kilikuwa ndani yake, lakini moyo wangu unakataa kuamini.

Kuhusu kidole, nilibaki ndani nikaona yote, na nakueleza ili nawe uwaambie wenzako. Walikiosha. Wakampiga sindano mbili kwenye shina la kidole, kikafa ganzi. Hawakung'oa ukucha wote, na hawakuchimba. Kwa vifaa vilivyotoka kwenye sanduku la kuchemshia, daktari alipasua ukanda mwembamba wa ukucha upande ule uliozama, tangu mbele hadi kwenye mzizi, akauvuta. Ulitoka mzima kama mwiba wa samaki, na mwisho wake ile ncha aliyoiacha Modu. Usaha ukafuata. Wakasafisha, wakafunga. Amepewa vidonge vya kidonda na vingine vya sukari.

Akatupa masharti, na kila sharti alininyooshea mimi kidole. Bandeji ibaki kavu na ibadilishwe kama alivyonionyesha, kwa mikono iliyooshwa. Hakuna hina, hakuna majani, hakuna mafuta ya mtu yeyote. Hakuna viatu vya kubana. Kuanzia sasa kucha zikatwe zikiwa zimelainika baada ya kuoga, moja kwa moja, zisikatwe mviringo wala fupi sana, kwa mkasi wetu wenyewe. Mtu mwenye sukari asijichimbe kucha kamwe, wala asimpe mguu mtu wa mtaani mwenye kisu, na kila jioni miguu itazamwe, juu na chini na katikati ya vidole, kwa sababu sukari huweza kuiba maumivu na mtu akatembea na kidonda asijue. Nilimwambia daktari kwamba wangu mimi ana wezi wawili, sukari na Ufulani. Hapo ndipo alipocheka.

Kisha akachukua kalamu, akachora mstari juu ya mguu, pale wekundu ulipoishia, nje ya hina yangu. Akasema wekundu ukivuka mstari, au homa ikirudi, tusingoje asubuhi.

Mstari huo ndio dunia yangu sasa. Nautazama nikiamka, nautazama kabla ya sala na baada ya sala, naushikia taa. Juzi ilionekana kama wekundu umeugusa. Nikamwita Inna, akaja, akainama, akatazama sana, akaniambia niondoe kivuli cha kichwa changu. Leo asubuhi nadhani wekundu umerudi nyuma kidogo. Sijui. Huenda ni macho yangu yanayotaka hivyo. Alhamisi tunarudi kwa daktari, naye atasema kama kidonda kinafunga au la. Niombee, Dada. Nimeolewa juzi tu. Bado sijamzoea, bado akiingia chumbani moyo unaruka.

Kazi hatujaacha, maana nguo za Idi ni za watu. Daktari kamkataza kukanyaga cherehani, basi nimekaa mimi chini na kukanyaga, yeye anaongoza kitambaa juu, mguu wake umeinuliwa kwenye mto. Ananiambia polepole, haraka, simama. Kola ya Alhaji imetoka imepinda kidogo, na Gidado anasema ni mtindo mpya. Modu alipita. Akauona mguu uliofungwa, akafungua mdomo atanie, akaona nyuso zetu, akaufunga. Jana ameleta kuku wawili, akawaacha mlangoni, akapiga kelele akiwa mbali kwamba ni chakula cha mtumwa wake na asimshukuru. Gidado akamjibu kwamba kuku wenyewe wamekonda kama mwenyewe. Nikajua anapata nafuu.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, ukija Idi usilete alkaki, na umweleze Mama taratibu asitume nyingine; lete karanga, lete kuka kavu, yale majani ya mbuyu ya mchuzi, lete wewe mwenyewe. La pili, kabla hujaja, mwambie shemeji avue viatu umtazame miguu. Atakucheka. Mtazame hivyohivyo.

Ninamaliza na jambo la asubuhi ya leo. Ulidhani Inna akishalitaja jina ataendelea? Hata! Tangu siku ile jina limerudi lilikokuwa, na uso umerudi kwenye vyungu. Lakini anakuja kila siku alfajiri, anasimama nje ya mlango wa chumba, mgongo kwetu, na anasalimia kwa sauti kubwa: "Saudatu, kidole kimeamkaje?"

Mara ya kwanza sikujua nijibu nini. Nikasema kimeamka salama, Inna. Akauliza kidole kimelala vizuri? Kimekula? Kimekunywa dawa yake? Kisiondoke bila kula. Kisikae kwenye baridi. Kimkumbuke Mungu. Nikawa nakwenda na kurudi na majibu. Leo kabla sijafungua mdomo, Gidado mwenyewe akajibu kutoka kitandani, sauti yake imepasuka katikati:

"Saudatu, mwambie kidole kimelala vizuri. Mwambie kinamsalimu sana, na kinauliza yeye ameamkaje."

Halafu Inna akasema, akiuambia ua, "Mwambie nimeamka vizuri. Mwambie nitakaa hapa kidogo." Akavuta kigoda, akakaa palepale mlangoni, mgongo kwetu, mpaka jua likapanda.

Nisalimie shemeji na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Nisalimie majirani wote walionicheka nilipolia siku ya harusi. Inna anakusalimu, Mwenye Nyumba anakusalimu, na kidole, kwa hisani ya Mungu, kinakusalimu pia.

Mimi mdogo wako akupendaye, mwenye hofu na mwenye raha kwa pamoja,

Saudatu